Ada za usajili zinavyomgharimu fundi redio wa Tinde

KWA msafiri anayetoka Mwanza kupitia Shinyanga mjini, Tinde ni mahali pa kuchagua njia. Barabara moja huendelea kwenda Nzega, Singida na hatimaye Dar es Salaam. Nyingine hukata kwenda Isaka, iliko bandari kavu, kisha Kahama na mpaka wa Rusumo. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana, na katika njia panda ya namna hiyo hawakosekani watu wa aina mbili: mama lishe na fundi.

Fundi anayezungumziwa hapa si yule wa magari. Ni yule mwenye meza yenye redio zilizofunguliwa, sabufa zisizo na kifuniko, ving'amuzi, pasi, feni na simu kadhaa zilizofungwa kwa mpira pamoja na vipande vya karatasi vyenye majina ya wenyewe. Mwingine amepiga hatua, amepanga fremu, na ndani ana friji mbili zinazosubiri gesi na televisheni iliyogeuzwa mgongo.

Kazi yake imepanuka kwa sababu zinazojulikana. Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, ulisambaza umeme katika vijiji ambako gharama ya kuunganishiwa iliwekwa kuwa Sh 27,000. Penye umeme hufuata televisheni, na nyuma ya televisheni huja friji. Kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikoanza Desemba 31, 2012 jijini Dar es Salaam na kuendelea mikoani, kuliingiza king'amuzi katika kila nyumba yenye televisheni. Halafu ipo dhahabu. Machimbo ya Mwakitolyo yamo katika wilaya hiyo hiyo ya Shinyanga, na ukanda wa Kahama hadi Geita hauko mbali. Mchimbaji akipata, hununua simu na spika kubwa. Akikosa, huipeleka simu ile ile kwa fundi badala ya kununua nyingine. Kwa hali zote mbili fundi ana kazi.

Ili fundi huyo atambuliwe na Serikali, alipe nini, alipe wapi, na akishalipa anapata nini? Wengi hudhani ipo ada moja tu, ile ya leseni. Kumbe leseni ni hatua ya mwisho katika safari yenye vituo kadhaa, na mara nyingi si leseni yenyewe inayomshinda mtu bali yale yanayoitangulia.

Leseni na mahali

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, ambayo imerekebishwa mara nyingi lakini haijafutwa. Kwa sheria hiyo, hakuna anayeruhusiwa kufanya biashara bila leseni halali. Leseni zimegawanywa katika makundi mawili. Kundi A, linalohusu biashara zenye sura ya kitaifa au kimataifa, hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Kundi B hutolewa na halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji. Fundi wa Tinde yumo katika kundi B.

Halmashauri yake ni ya Wilaya ya Shinyanga, yenye makao makuu Iselamagazi. Shinyanga mjini, ambako watu wa Tinde huenda kwa shughuli zao nyingi, kuna Halmashauri ya Manispaa, na hiyo haihusiki na kibanda kilichopo Tinde. Anayekwenda kuulizia leseni yake katika ofisi isiyo yake hupoteza nauli na siku ya kazi, na siku ya kazi kwa mtu mwenye meza moja ni gharama isiyoandikwa katika jedwali lolote la ada.

Adha hiyo imepungua tangu maombi ya leseni za halmashauri yalipohamishiwa katika mfumo wa TAUSI ulio chini ya Ofisi ya Rais, Tamisemi. Mwombaji huingiza taarifa zake kwa njia ya intaneti, hupewa namba ya malipo ya Serikali, hulipia kwa simu au benki, kisha leseni huchapwa. Ajabu ni kwamba fundi anayezifufua simu za wenzake kila siku naye huishia kwenye duka la huduma za mtandao kumlipa kijana amjazie fomu, kwani kujua bodi ya simu si kujua fomu za Serikali.

Ada ya leseni hutegemea aina ya biashara na hadhi ya mahali. Jiji, manispaa na mji hutozwa zaidi kuliko mji mdogo na kijiji. Kwa hiyo fundi wa Tinde akihamia Kahama kufuata fedha za dhahabu, ambako halmashauri ilipandishwa hadhi kuwa manispaa mwaka 2021, hubadilisha pia ngazi ya ada, ingawa mita na bisibisi ni zile zile. Leseni hudumu miezi 12 tangu kutolewa, na huhusu biashara iliyotajwa katika mahali palipotajwa. Fundi simu ambaye pembeni anauza vifuniko na chaji, na papo hapo ni wakala wa kutuma na kupokea fedha, machoni pake ana biashara moja; machoni pa sheria anaweza kuwa na tatu.

Kwa mwenye leseni huongezeka ushuru wa huduma, ambao kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 na marekebisho yake ulikuwa hauzidi asilimia 0.3 ya mauzo ghafi. Kwa kiwango hicho, mauzo ya Sh 6 milioni kwa mwaka yalitozwa Sh 18,000. Wapo pia wakaguzi wa zimamoto, na wapo wa usalama mahali pa kazi, yaani OSHA. Hawa wa pili walifuta ada ya kusajili sehemu za kazi katika maboresho ya mazingira ya biashara yaliyofuatia mpango wa Serikali wa mwaka 2018, lakini wajibu wa kusajili ulibaki.

Yanayotangulia leseni

Hatua ya kwanza haina ada. Namba ya utambulisho wa mlipakodi, maarufu kama TIN, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka anayeanza biashara aiombe ndani ya siku 15. Kinachohitajika ni namba ya Kitambulisho cha Taifa. Anayetozwa fedha ili apewe TIN ajue kwamba fedha hizo haziendi Serikalini.

Lakini halmashauri haitoi leseni kwa TIN peke yake. Inataka pia uthibitisho wa TRA kwamba mwombaji hana deni la kodi, na hapo ndipo mzigo unapoanza kuhesabika. Fundi huulizwa biashara iko wapi. Akijibu kuwa amepanga fremu, huulizwa mkataba wa pango. Mkataba huo hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia moja ya kodi ya pango ya mwaka. Juu yake ipo kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango.

Kodi hiyo ya zuio ndiyo chanzo cha manung'uniko mengi, na manung'uniko hayo yana msingi. Kwa maana ya sheria, ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji anatakiwa kuikata katika fedha anazomlipa mwenye nyumba na kuiwasilisha TRA kwa niaba yake. Katika hali halisi, mwenye nyumba wa mji mdogo hukabidhiwa kodi yake yote mkononi, mara nyingi ya miezi sita au mwaka, na hataki kusikia habari ya kukatwa. Mpangaji akishikilia sheria hupoteza fremu. Matokeo yake hulipa kodi ya mtu mwingine kutoka mfukoni mwake, ilimradi apate karatasi ya kupeleka halmashauri.

Chukua mfano wa fundi aliyepanga fremu kwa Sh 40,000 kwa mwezi, sawa na Sh 480,000 kwa mwaka. Asilimia 10 ni Sh 48,000, na asilimia moja ni Sh 4,800. Amekwisha kutoa Sh 52,800 kabla mtu yeyote hajamuuliza anatengeneza nini.

Jina la biashara ni suala jingine. BRELA, iliyoanza kazi mwaka 1999, husajili jina la biashara kwa Sh 15,000 pamoja na ada ya mwaka ya Sh 5,000, jumla Sh 20,000 kwa anayeanza. Usajili hufanyika kwa mtandao. Hata hivyo, wengi hawafahamu kwamba anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe halazimiki kusajili jina. Mwenye kibanda kilichoandikwa jina lake halisi anaweza kuiokoa Sh 20,000 hiyo bila kuvunja sheria. Anayetaka kuandika ukutani neno la kuvutia wateja, ndiye anayepaswa kwenda BRELA.

Halafu kodi yenyewe ya mapato. Wafanyabiashara wadogo wasiotakiwa kuandaa hesabu za wakaguzi hutozwa kwa makadirio yanayofuata mauzo ya mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi Sh 4 milioni halipi kitu. Kati ya Sh 4 milioni na Sh 7 milioni, asiyetunza kumbukumbu hulipa Sh 100,000. Anayetunza hulipa asilimia tatu ya kiasi kinachozidi Sh 4 milioni. Mwaka huo huo wa 2019 uliwekwa pia utaratibu wa kumpa mlipakodi mpya muda wa miezi sita tangu apate TIN kabla ya kuanza kudaiwa, ili asitozwe kodi ya mauzo ambayo hajayafanya.

Fundi wetu wa mfano akiwa na mauzo ya Sh 6 milioni na hana daftari, atalipa Sh 100,000. Akiwa na daftari, asilimia tatu ya Sh 2 milioni ni Sh 60,000. Daftari la kawaida la dukani, lililojazwa kila jioni, linaokoa Sh 40,000 kwa mwaka, ambazo ni sawa na pango la mwezi mzima. Wasio nalo, kwa kumlipa mwenye nyumba, TRA na BRELA, huwa wamefikisha Sh 172,800 pasipo kuhesabu ada ya leseni, ushuru wa huduma wala nauli.

Mauzo au ujira?

Kiwango cha Sh 4 milioni kina uzito kuliko kinavyoonekana, kwa sababu kodi hii hupimwa kwa mauzo, si kwa faida. Sh 4 milioni kwa mwaka ni kama Sh 11,000 kwa siku. Mwuza maembe anaelewa maana ya kuuza Sh 11,000. Kwa fundi, hesabu hiyo ina mtego.

Mteja analeta simu iliyopasuka kioo. Fundi anaagiza kioo Kahama au Mwanza kwa, tuseme, Sh 45,000, anakifunga, na anadai Sh 55,000. Ujira wake ni Sh 10,000. Lakini kilichopita mkononi mwake ni Sh 55,000, na kikiandikwa hivyo ndicho kinachohesabiwa kuwa mauzo. Simu saba za namna hiyo kwa mwezi, na amekwisha kupita Sh 4 milioni kwa mwaka, ilhali alichobaki nacho hakifiki Sh milioni moja. Mshona viatu na kinyozi hawana tatizo hili kwa kiasi hicho, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanachopokea ni jasho lao.

Njia iliyozoeleka ya kulikwepa ni fundi kumwandikia mteja jina la spea na kumwambia akanunue mwenyewe. Mteja hulalamika kuwa anasumbuliwa, na pengine hununua kioo cha bandia kisha akarudi kumlaumu fundi. Hata hivyo, kihesabu, fundi yuko sahihi: spea iliyonunuliwa na mteja ni mauzo ya mwenye duka la spea, na kinachobaki kwa fundi ni ujira tu. Mwenye kununua spea mwenyewe anapaswa walau kutunza risiti na kutenganisha safu mbili katika daftari, moja ya spea na nyingine ya ujira, ili anapokaa mbele ya ofisa wa kodi awe na jambo la kuonyesha.

Kiwango hicho cha Sh 4 milioni ndicho kilichotumika Desemba 2018, wakati Rais John Magufuli alipowakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo ili viuzwe kwa Sh 20,000 kila kimoja. Aliyekuwa nacho hakupaswa kutozwa ushuru mwingine. Kwa mafundi wa mezani na barazani ilikuwa nafuu kubwa: malipo ya mara moja, hakuna mkataba wa pango, hakuna zuio. Baadaye, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Serikali ilileta vitambulisho vya kidijitali kwa wafanyabiashara ndogondogo, navyo kwa Sh 20,000, vikidumu miaka mitatu.

Kitambulisho hicho, hata hivyo, si leseni. Humfaa mwenye meza. Siku fundi anapopanga fremu, akaajiri kijana na kuanza kupokea friji, hutoka katika kundi la wenye kitambulisho na kuingia katika safari iliyoelezwa hapo juu yote kwa mkupuo. Hakuna ngazi ya katikati. Si ajabu basi kuona mtu mwenye kazi nyingi akiendelea kukaa barazani mwaka hadi mwaka.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Katika mwaka wa fedha 2004/05, wakati Basil Mramba akiwa Waziri wa Fedha, Serikali ilifuta ada ya leseni kwa biashara zenye mauzo yasiyozidi Sh 20 milioni kwa mwaka, na kwa zilizozidi hapo ikaweka kiwango kimoja cha Sh 20,000. Hiyo ilifuatia kufutwa kwa kodi ya maendeleo mwaka 2003 pamoja na utitiri wa ushuru wa halmashauri. Mwaka 2007 Bunge likaenda mbali zaidi kwa kupitisha Sheria ya Usajili wa Shughuli za Biashara, iliyokusudia kuziondoa leseni kabisa na kuweka usajili mahali pake. Sheria hiyo haikuwahi kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1972. Halmashauri zilizopoteza mapato zililalamika, na katika muongo uliofuata ada za leseni zikarejeshwa. Fundi aliyeanza kazi mwaka 2005 alikuta mlango wazi ambao mwanagenzi wake hakuukuta.

Ujuzi hauulizwi

Katika vituo vyote vilivyotajwa, fundi huulizwa mahali alipo, mwenye nyumba wake, mauzo yake na jina lake. Hakuna anayemuuliza kama anajua kutengeneza friji. Leseni ya halmashauri inathibitisha kwamba mtu amelipa. Haithibitishi kwamba amefuzu.

Taasisi zinazogusa ujuzi zipo kando. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa kutumia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, hutoa leseni ya kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano ya kielektroniki. Leseni hiyo inamhusu anayetengeneza simu. Haimhusu anayetengeneza pasi au feni. Ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Kwa fundi wa Tinde anayeshika simu, ving'amuzi na sabufa katika meza moja, ina maana kwamba sehemu ya kazi yake iko chini ya halmashauri pekee na sehemu nyingine iko chini ya halmashauri na TCRA pamoja.

Kwa upande wa vyeti, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Shinyanga, na inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mtu aliyejifunza kwa kukaa miaka mitano na fundi mkubwa hupimwa kwa vitendo, akaonyeshwa penye upungufu, kisha akapewa cheti. Ni cheti chenye manufaa kwa anayetafuta ajira mgodini au zabuni ya kutengeneza vifaa vya shule na zahanati. Kupata leseni ya halmashauri hakukitegemei.

Nchi nyingine zimelitazama jambo hili kwa upande wa mteja. Jimbo la California nchini Marekani lina sheria ya kusajili biashara za ukarabati wa vifaa vya kielektroniki tangu mwaka 1963, ikianza na redio na televisheni na baadaye kuingiza vyombo vya nyumbani. Nao hutozwa ada. Lakini aliyesajiliwa anabanwa kumpa mteja makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kuanza kazi, na kumrudishia vipuri vilivyotolewa akivitaka. Kwa ada hiyo, mteja ana mahali pa kupeleka malalamiko na fundi ana utaratibu wa kujitetea. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji kwa jumla, ila mwenye redio ya Sh 30,000 iliyoharibiwa zaidi mikononi mwa fundi huishia kwa mtendaji wa kata, au kwa maneno makali barazani.

Agizo la mwaka 2025

Julai 28, 2025 lilitolewa agizo chini ya Sheria ile ile ya Leseni za Biashara, lililosainiwa na aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, likiwazuia wasio raia kufanya biashara 15. Miongoni mwake ni utengenezaji wa simu na vifaa vya kielektroniki. Nyingine ni pamoja na biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, saluni, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Halmashauri na mamlaka nyingine zilikatazwa kuwapa leseni mpya au kuwahuishia wasio raia katika shughuli hizo. Anayekiuka hukabiliwa na faini isiyopungua Sh 10 milioni, kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi.

Katika mji wa njia panda inayounganisha nchi tatu, agizo hilo si habari ya mbali. Lina kifungu ambacho fundi Mtanzania anapaswa kukisoma mara mbili. Raia anayemsaidia asiye raia kufanya biashara iliyokatazwa hutenda kosa, na adhabu yake ni faini ya Sh 5 milioni au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Desturi ya kuazimana leseni, ambapo mmoja analipia na mwingine anakalia meza, ilikuwa ikionekana kuwa ukarimu wa kawaida. Tangu agizo hilo, anayemwazima leseni yake mtu asiye raia anajiweka katika hatari ya faini ambayo meza nzima ya redio haiwezi kuilipa. Kenya ililalamikia agizo hilo kwa misingi ya makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Daftari

Lipo jambo la mwisho ambalo mafundi hulihofia kuliko ada zote, nalo ni simu ya wizi. Kupokea mali ya wizi huku ukijua au ukiwa na sababu ya kujua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na polisi wanapoifuatilia simu iliyopotea mara nyingi huanzia kwa fundi. Kubadilisha namba tambulishi ya simu, ile inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2010, na halina msamaha kwa aliyelipa leseni. TCRA ilivizima vifaa bandia katika mitandao Juni 2016, na iliweka namba 15090 ambayo mtu huitumia namba tambulishi hiyo kwa ujumbe mfupi ili kuthibitisha simu iliyo mkononi mwake.

Leseni ukutani humwonyesha askari kwamba fundi ana makazi ya kudumu na hajifichi. Haimwonyeshi simu imetoka kwa nani. Kwa hilo linatakiwa daftari: tarehe, jina na namba ya aliyeileta, namba tambulishi, ubovu uliotajwa, spea iliyonunuliwa na bei yake, ujira, na sahihi ya mwenye mali siku anapoichukua. Daftari hilo hilo, likifungwa vizuri hadi Desemba, ndilo linaloshusha kodi ya fundi wa mfano wetu kutoka Sh 100,000 hadi Sh 60,000.